Shemeji Aliyekoroma Mchana

"Jirani, hivi huyo mwanamume anayekoroma kwako mchana kweupe ni nani?"

Ndivyo alivyouliza Mama Zamu siku moja pale bombani, mbele ya wanawake waliopanga ndoo zao, na wala hakuuliza kwa kunong'ona. Maji yaliendelea kumwagika juu ya ndoo iliyokwisha kujaa na hapana aliyeinama kufunga koki, maana kila mmoja alikuwa ameacha kazi ya mikono akabaki na kazi ya masikio.

Aliyeulizwa alikuwa mjane, tena mjane wa kusali. Watu walimwita Mama Pindo kwa sababu ya kazi yake. Suruali ikimzidi mtu urefu, gauni likiburuta, pazia likifagia sakafu, vyote hupelekwa kwake, naye huvipunguza na kuvipinda kwa mshono ambao jicho haliuoni. Tangu amzike mumewe, hapana aliyewahi kumkuta amesimama na mwanamume njiani zaidi ya muda wa salamu. Kwa hiyo swali lile lilimchoma. Lakini hakuwa mwanamke wa kurusha maneno. Alijifuta mikono kwenye nguo yake, akamshika Mama Zamu kiganja, akasema, "Twende ukamwone."

Wanawake wote wakafuata, ndoo wakaziachia bomba.

Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani dirishani na meza ya kompyuta ukutani. Chini ya meza lilikaa kasha la kijivu lililochoka kingo, na humo ndimo mkoromo ulimotoka. Kasha lilivuta pumzi, likakwama kidogo, kisha likaachia mkoromo mrefu wa chini kwa chini kama mzee aliyeshiba na kulala chali. Wanawake walicheka mpaka wakashika kuta. Mama Zamu mwenyewe aliinama mpaka chini ya meza, akabisha kwenye kasha kwa kidole, akasema, "Shemeji, hujambo? Samahani kwa kukusingizia."

Basi jina likakaa. Tangu siku hiyo ile kompyuta haikuwa kompyuta tena; ilikuwa Shemeji. Asubuhi Mama Zamu akirudi kutoka kazini angepaza sauti mlangoni, "Shemeji ameamka?" Siku umeme ukikatika angeuliza kama shemeji amesafiri bila kuaga. Yeye alifua mashuka hospitalini, zamu ya usiku mwaka baada ya mwaka, ndiyo maana ya jina lake. Wengine wakienda kazini yeye ndiyo kwanza anavua viatu, na kitanda chake kilisimama upande wa pili wa ukuta wa chumba kile. Ukuta ule ulikuwa wa tofali moja. Ukipiga chafya huku, kule wanakuombea afya.

Kompyuta ilikuwa ya marehemu. Mumewe watu walimwita Karani, ingawa hakuna ofisi iliyowahi kumwajiri. Alichapa mitihani ya shule, ratiba za harusi, matangazo ya misiba, na kila kitu alikichapa kwa utaratibu uleule, miwani kwenye paji la uso, midomo imebanwa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Miaka yote ya ndoa yao chumba kile kilikuwa na sauti mbili tu, cherehani ya mke na vidole vya mume, na jioni zote mbili zilinyamaza kwa wakati mmoja bila mtu kumwambia mwenzake basi.

Kifua ndicho kilichomchukua. Siku yenyewe Mama Pindo alikuwa ametoka kwenda duka la dawa, binti yao yuko shuleni, na mgonjwa amebaki peke yake kitandani, akiwa ametulia kuliko siku zilizotangulia. Aliporudi na kichupa mkononi, Karani alikuwa amekwishaondoka. Kinywa chake kilikuwa wazi kidogo. Mama Pindo alikifumba, akasema yanayosemwa, akamshukuru Mungu aliyetoa na kutwaa. Lakini moyoni kilimbakia kitu kimoja kidogo kama kipande cha uzi kwenye ulimi: mtu yule alikuwa na neno, na neno lile lilisemwa kwa chumba kitupu.

Binti alipomaliza shule akashika meza ya baba yake. Alikuwa na vidole vyepesi na wateja walimpenda. Miezi ikapita. Kisha siku moja kasha likaanza kulia kama mdudu aliyefichika kwenye nyufa. Sauti ikanenepa polepole, ikawa mkwaruzo, ikawa mkoromo. Na mkoromo ndio ulioleta ndoto.

Kila siku baada ya sala ya mchana, binti akitoka kupeleka kazi za watu, Mama Pindo alikaa kwenye kiti cha marehemu kando ya meza. Hakukusudia kulala. Macho yalifumbika yenyewe. Katika ndoto nyumba ilikuwa hii hii ila haikuwa na kuta. Mahali pa kuta palining'inia mapazia meupe, mengi, safu nyuma ya safu, na hata moja halikuwa limepindwa; nyuzi zilinyong'onyea chini kama mvua nyembamba isiyofika ardhini. Mkoromo ulipovuta pumzi, mapazia yote yalijaa kuelekea ndani. Ulipoachia, yalijaa kuelekea nje. Na nyuma ya pazia la mwisho alikuwako Karani. Aliona kivuli chake kimeinama, aliona vidole vya miguu vikichungulia chini ya kitambaa. Alitembea kuelekea kwake, akifunua pazia moja baada ya jingine, na kama mtu ajuavyo mambo ndotoni, alijua kwamba akifunua lile la mwisho mumewe atasema lile neno.

Hakulifikia kamwe. Daima mlango ulibishwa, au mguu ulikufa ganzi, au binti alirudi. Lakini aliamka na uso wa mtu aliyekunywa maji. Kesho yake alirudi kitini. Haikuwa siri ya aibu, ila hakumwambia mtu, hata binti yake. Alimwambia Mungu peke yake, na hata Kwake alisema kwa kuzungukazunguka.

Kwa hiyo binti alipoanza kusema kuhusu fundi, mama alikuwa na sababu tayari. Mara ngoja kwanza nguo za harusi zitoke. Mara mashine ikizoea mkono wa mtu haipendi mkono mwingine. Mara sauti yenyewe inamtisha mwizi. Binti alicheka, akangoja, akarudia. Alieleza kwamba inayokoroma ni feni ya ndani ya pawasaplai, kile kisanduku cha nyuma kinachogawa umeme kwenye kompyuta nzima, na kwamba feni ikichoka kisanduku kinachemka, na kikichemka kinajizima. Na kweli kasha likaanza kujizima. Likajizima katikati ya ratiba ya harusi ya watu. Likajizima asubuhi, likapumzika, likawaka, likajizima tena. Chumba kikawa na harufu ya vumbi linalobabuka.

Mama Pindo aliinusa harufu ile akiwa cherehani na akaendelea kushona. Alikuwa mwanamke wa kuona mambo mapema. Hili alikataa kuliona.

Kisha ukaja mtihani wa shule. Binti aliuchapa tangu asubuhi, ukurasa kwa ukurasa, michoro na majedwali, amefika swali la mwisho, na Shemeji akakata pumzi. Kioo kikawa cheusi. Alipoliwasha kasha baada ya kupoa, katika kazi yote ile hapakuwa na hata swali la kwanza. Mwalimu alikuwa anakuja kuuchukua jioni.

Binti hakulia wala hakulalamika. Aliweka mikono yake miwili juu ya meza, viganja chini, akaitazama. Na pale alipoibana midomo mama aliona uso wa Karani, uleule, wa mtu anayemeza neno ili asimuumize mwenzake. Mama Pindo akasimamisha gurudumu la cherehani kwa mkono.

"Mwite huyo fundi," alisema. "Mtihani utauchapa kwa jirani mwenye mashine, nami nitakwenda kumwomba. Lakini huyo mwite."

Fundi alikuja kesho yake, mtu mzima mnene mwenye sauti nyororo, aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Bisibisi kwa sababu aliichomeka bisibisi sikioni kama watu wengine wachomekavyo kalamu. Alimwamkia Mama Pindo kwa heshima, akauliza mgonjwa yuko wapi. Akaambiwa jina la mgonjwa. Akasema amewahi kutibu redio, pasi na jokofu, lakini shemeji wa watu ndiyo mara ya kwanza, na kama atafia mikononi mwake asilaumiwe na ukoo.

Alichomoa waya ukutani, akabonyeza kitufe cha kuwashia ingawa umeme haukuwepo, kisha akakaa tu, ameweka mikono magotini. Binti alimuuliza anangoja nini. Bisibisi alisema kisanduku kile huweka umeme ndani yake hata ukichomoa waya, kama mtu anavyoweka hasira baada ya ugomvi. Ukimgusa mapema atakurukia, ukimpa muda atakusahau. Wakangoja. Mama Pindo aliona kungoja kule kama kungoja nje ya chumba cha mgonjwa. Alipinda suruali ya mtu na mshono ukatoka umepinda, jambo ambalo halikuwa limempata kwa miaka.

Hatimaye fundi alifungua skrubu za nyuma, akakivuta kisanduku na nyaya zake kama utumbo wa kuku, akafungua mfuniko. Vumbi lilikuwa limelala humo zito, laini, lenye rangi ya paka. Alilitoa kwa brashi, taratibu, nje ya mlango. Kisha akaitoa feni yenyewe, kitu cha mraba kisichozidi kiganja, chenye mapanga saba meusi. Aliizungusha kwa kidole. Ilijivuta, ikakwaruza, ikasimama. Aliigeuza mgongo apate kusoma karatasi ya nembo iliyobandikwa katikati, na hapo akatulia.

"Mama," alisema, "nani alikuwa anaitia mafuta feni hii?"

Binti akasema hapana mtu. Yeye hajawahi kulifungua kasha tangu alishike.

"Halikufunguliwa, ndiyo. Lakini tazameni."

Aliisogeza kwenye mwanga. Ile karatasi ilikuwa ya manjano kwa mafuta, na katikati yake palikuwa na tundu ndogondogo, nyingi, zimesongamana mahali pamoja. Bisibisi alieleza, bila haraka, kwamba mhimili wa feni unakaa chini ya karatasi ile na mafuta yake hukauka. Mtu mwenye subira angeweza kupitisha kitu chembamba kwenye wavu wa nyuma, akatoboa karatasi, akaangusha tone moja. Feni ya aina hii ilitakiwa ife zamani. Mtu aliiweka hai kwa tone, akairudia, akairudia. "Kisha akaacha," alisema. "Ndipo ikaanza kukoroma."

Mama Pindo alinyosha mkono. Fundi akampa. Hakuhitaji kuambiwa tundu zile ni za nini. Ni sindano ya mkono, ile nyembamba, ya kupindia hariri. Na yale mafuta aliyajua kwa pua kabla ya macho.

Akilini akamwona Karani wa miaka ile anakuja dirishani mwisho wa mwezi, miwani kwenye paji, ananyosha kidole kuomba kikopo cha mafuta ya cherehani. Hakusema cha nini, naye hakuuliza. Humpa mumewe sindano na kikopo, huyo huenda kupiga magoti nyuma ya meza, na baada ya kitambo hurudisha vyote viwili mahali pake, sindano imefutwa, kofia ya kikopo imekazwa. Yeye alidhani mtu anasafisha bawaba. Miaka yote ile chumba kilikuwa kimya, naye aliuchukulia ukimya ule kama hewa, kitu cha bure kisicho na mwenyewe.

Kumbe ukimya ulikuwa na mwenyewe. Na mkoromo alioulalia kila mchana kama kifua cha mume haukuwa yeye. Ulikuwa pengo lake. Ulikuwa kitu kinacholia kwa sababu hayupo.

Alimrudishia fundi ile feni, akarudi cherehani, akafumua mshono uliopinda.

Bisibisi alikwenda dukani, akarudi na feni mpya ya kipimo kilekile. Alimwonyesha binti mshale mdogo uliochongwa ubavuni unaoonyesha upepo unakokwenda, akasema wengi huiweka kinyumenyume, joto likarudi ndani, kisha wakalaumu duka. Alikata nyaya mbili za zamani, akaunga nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, akachomelea kwa risasi, akavika tepu. Alifunga, akarudisha, akachomeka. Binti akabonyeza kitufe. Taa ikawaka, kioo kikaamka, na hapakuwa na sauti yoyote. Binti aliweka kiganja nyuma ya kasha kuhakikisha kama Shemeji anapumua. Upepo ulikuwepo, wa baridi.

Ile ya zamani fundi hakuitupa. Aliokota adapta ya redio iliyokufa kwenye mkoba wake, akaunganisha nyaya kwa mzaha, akasema shemeji wa watu hazikwi mzimamzima, mkimkumbuka mchomekeni. Ikazunguka juu ya meza ikikoroma peke yake, bila kasha, bila kazi. Wakacheka, akaaga, akaenda zake.

Siku iliyofuata, baada ya sala, Mama Pindo alikaa kwenye kiti cha Karani, akaichomeka ile feni kuukuu. Mkoromo ukaja. Alifumba macho akangoja mapazia, lakini sasa sikio lilikuwa limeelimika. Halikusikia pumzi, lilisikia chuma kikavu kinaomba tone. Kikopo cha mafuta kilikuwa pale pale kwenye cherehani, umbali wa mkono. Angeweza kulitia. Aliifikiria feni ikinyamaza, akaona haina tena kasha la kulipoza, kunyamaza kwake kungemfaa nani. Akaichomoa, akaiweka kwenye rafu.

Siku za mwanzo usingizi ulimkimbia. Alikaa na macho makavu akisikiliza ukimya kama mtu anayesikiliza lugha ya wakwe. Kidogo kidogo akaanza kuutambua. Ndani yake mlikuwa na bati linalonyooka kwa jua, mkasi wa kinyozi ng'ambo ya barabara, upepo unaopita kwenye wavu mpya. Ulikuwa ukimya uleule wa zamani. Akajiegemeza, na safari hii hakujua macho yalifumbika lini.

Mapazia yalikuwa yametulia, hayaingii wala hayatoki. Alitembea katikati yake na hapana lililomzuia. Alilifikia la mwisho, akalifunua. Karani alikuwa amepiga magoti, amempa mgongo, miwani kwenye paji, sindano mkononi, na kwenye ncha ya sindano tone la mafuta linang'aa kama jicho la ndege. Alikuwa amebana midomo na kuzuia pumzi. Mtu anayebeba tone hasemi. Mama Pindo akasimama, ameshikilia pazia juu ili mwanga umfikie, na hakutaka ageuke, na hakutaka neno. Tone likaenda polepole mahali pake. Palikuwa na nafasi ya kutosha. Palikuwa na mchana mzima.

Mlango ukabishwa. Aliamka bila kushtuka.

Alikuwa Mama Zamu, amesimama mlangoni na macho mekundu, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Hakumtania mtu. Aliingia, akakaa kwenye ukingo wa kigoda, akalitazama kasha chini ya meza.

"Shemeji amekwenda wapi?" aliuliza.

Mama Pindo alimweleza habari ya fundi na feni mpya. Alidhani jirani yake atafurahi kuondolewa kelele, akamwambia hivyo: sasa utalala kwa amani. Mama Zamu akacheka kidogo, kicheko kisichofika popote. Alisema tangu kasha linyamaze hajalala. Usiku hospitalini mashine za kufulia zinaunguruma, vigari vinapita, watu wanaitana. Asubuhi akifika chumbani kwake hakuna hata kijiko kinachogongana na kingine. Alikwisha kukivuta kitanda mpaka kikagusa ukuta. Alikwisha kubandika sikio.

"Unamkumbuka yule niliyekuwa naye," alisema. "Naye alikoroma hivyohivyo. Wewe wako ulimzika, dada, una kaburi la kupalilia. Wangu alivuta mlango tu. Nilipouliza pale bombani mlidhani nakutania." Alijipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Nilikuwa na wivu."

Mama Pindo akainuka, akaishusha ile feni kutoka kwenye rafu pamoja na adapta yake. Kwenye kapu la mabaki alichagua kipande cha kitambaa cheupe, kilichobaki kwenye pazia la mtu. Kingo zake zilikuwa zinachanika. Akaketi cherehani, akazipinda pande zote nne, jirani yake akimngoja, akaikunja feni humo ndani kama mtu anavyokunja mtoto, akamwekea mapajani.

"Usiitie mafuta," alimwambia. "Ukiitia itanyamaza."

Mama Zamu alikifungua kile kitambaa kidogo, akaona mapanga meusi, akakifunika. Alifungua mdomo kama mtu aliyekwisha kupata mzaha wake, akaufumba. Akasimama, amekibeba kifurushi kwa mikono yote miwili karibu na kifua, akasukuma mlango kwa bega, akatoka.